Barua ya Kutoka Jikoni

Nilichaguliwa kwenda Ujerumani kwa sababu nilikuwa mwepesi wa lugha na mzito wa jembe. Hilo la pili halikusemwa hadharani, lakini Malindi nzima, Malindi yetu ya Usambara, si ile ya pwani, walijua kwamba kila siku ya shamba la ujamaa tumbo langu huuma. Kanisa lilipata nafasi moja: miezi mitatu ya kiangazi chao, asubuhi darasani kujifunza kuhifadhi mboga, mchana kazini ili mtu ajilipie chakula. Ukirudi na barua nzuri kutoka kazini, unapewa kiti cha karani kwenye ghala la ushirika wa mboga, Lushoto mjini. Kiti chenyewe kilikuwa na mto. Nilikwisha kukiona, na nilikitamani vibaya sana.

Mji ulikuwa mkubwa hata nikaacha kuushangaa siku ya pili, maana kushangaa nako kunachosha. Wenyeji walinionea huruma kwa baridi. Sikuwaambia kwamba kwetu Julai tunalala na mablanketi mawili. Nilitetemeka kwa adabu, nikapewa makoti matatu.

Kazi ilikuwa kumenya viazi katika jiko la kiwanda, nami viazi nimekua navyo. Kila mtu na meza yake na ndoo zake, na ukimaliza unakaa, unavuta sigara, unamtazama mwenzako anavyohangaika. Meza ya jirani alikuwapo mama wa Kituruki, mgeni kama mimi, wa umri wa mama yangu, vidole vimevimba kwa maji baridi. Nilimwamkia shikamoo kila siku mpaka akajua kuitikia marahaba, na alikuwa anaiitikia kwa sauti ya mkuu wa wilaya. Alikuwa ameshaonywa: ndoo zake zikibaki tena, anafukuzwa.

Sasa, mimi ni mvivu, sikatai. Lakini kwetu mkilima mteremkoni, kila mtu na ukanda wake, anayefika juu kwanza hakai. Anageuka, anashuka kwenye ukanda wa aliye nyuma, wakutane katikati. Ukikaa watu hawakutukani, wanakutazama tu, na macho hayo hata mvivu hayastahimili. Basi nilipomaliza ndoo zangu nilihamia meza ya yule mama. Msimamizi akanirudisha. Nikahama tena. Mwishoni nikawa simalizi hata zangu, kwa kuwa viazi nilivyomenya nilivimwaga kwenye ndoo yake kila msimamizi alipogeuka. Yule mama hakufukuzwa. Mimi nikapewa barua.

Niliisoma ndani ya ndege. Ilisema mimi ni mzito wa kazi, simalizi sehemu yangu, naiacha meza yangu kwenda kumenya viazi vya wengine ingawa nimeonywa. Roho iliniuma kweli. Kisha nikakumbuka kwamba Malindi Kijerumani nitakuwa nakijua mimi peke yangu, na roho ikatulia.

Barua ilisomwa mkutanoni, katika darasa la shule, mwenyekiti wa kijiji amekaa mbele. Nilisimama nikatafsiri bila kupepesa macho: "Ni kijana mwepesi kupita wote, humaliza kazi mapema, anafaa kupewa cheo."

Watu wakapiga makofi, mama yangu akapiga vigelegele. Hapo mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akaiomba barua. Nilikuwa namjua kama mfuga nyuki tu. Sikujua kwamba ujanani aliwapikia wamisionari wa Kijerumani miaka mingi. Alianza kusoma, kidole kikifuata maneno, midomo ikiyatamka sawasawa. Nikautazama mlango.

"Amesoma vizuri," akasema mwishowe, bila hata kunitazama. "Ila kwa haya zake ameruka jambo moja. Hapa wanalalamika kwamba huyu hawezi kumaliza kazi yake akamwacha mwenzake nyuma. Wenyewe wameliandika kama kosa."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mgosi," akaniambia, yaani bwana kwa Kisambaa chetu, "mtu wa namna hii tukimkalisha kitini tutakuwa tumemharibu. Kuanzia kesho wewe ndiye kiongozi wa shamba la ujamaa. Karani tutamtafuta mwingine."

Nilitaka kusema kwamba nimedanganya, kwamba barua inasema mimi ni mzito, jamani nipeni kiti. Nikamwona mama yangu. Alikuwa amejifunika uso kwa khanga, analia. Miaka yote alikuwa akinisifia kwa watu mambo ya kubuni, maana ya kweli hayakuwapo. Safari hii lilikuwapo moja, nami nililifanya, naye amelisikia mbele ya kijiji kizima.

Nikakaa kimya. Lile shamba nililiongoza miaka saba.