Jani Juu ya Mlango wa Jiko

Nilipokuwa mtoto, kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso, nilikwenda kulitazama jani lililotundikwa juu ya mlango wa jiko la Nyanya, kule Kiirua. Lilikuwa jani nene, lenye wekundu ukingoni, la kammea kadogo kanakojiotea hata katikati ya mawe. Nyanya alikaita asiyekufa. Jani lilining'inia msumarini bila udongo wala maji, na bado likazaa. Vitoto vidogo kama punje za mtama vilijipanga ukingoni mwake, kila kimoja na vizizi vyembamba kama nywele.

Lilikuwa jani la Mama. Mama alikwenda Embu kutafuta kazi, akaniacha kwa mama yake, akasema atanijia akipata nyumba. Siku aliyoondoka, Nyanya alilichuma jani, akaliweka kivulini mpaka kidonda chake kikauke, kisha akalitundika. Jani likizaa, aliyesafiri ni mzima. Akirudi, sharti alishushe mwenyewe, avipande vitoto kando ya kizingiti na kusema, "Nimefika," na waliomo ndani wamwitikie. Lakini vitoto vikianguka na kushika mizizi chini kabla hajarudi, basi amepata mlango mwingine huko aliko. Jumapili Nyanya alikuwa wa kwanza kanisani, na habari za jani hakumtajia padri.

Tulikuwa wawili tu. Jioni watoto wenzangu waliitwa na mama zao, mmoja mmoja, mpaka nikabaki mimi na mbuzi. Nyanya hakuwa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya shamba la viazi. Nilijirudisha nyumbani mwenyewe, na njia nzima nilikuwa nikiwaza lile jani.

Kisha vitoto vikaanza kuanguka. Nilivikuta asubuhi moja kizingitini. Nikaviokota, nikapanda juu ya kigoda, nikavibandika kwa ugali wa jana. Kuku walikuwa chini wakisubiri, na kila kilichoanguka walikigombania pamoja na ugali wake.

Nyanya alinikuta nikilia na kufukuza kuku. Nilidhani nitachapwa, kwa kuwa jani halikupaswa kuguswa.

"Ugali haishiki hiyo," alisema. "Kendi, enda ulete sindano."

Akavishona. Alitumia uzi wa buluu wa sweta yake ya kanisani, akavirudisha kimoja kimoja ukingoni mwa jani, ulimi ukiwa umechungulia pembeni mwa mdomo. Nilifurahi kwamba nimepata mshirika. Sikujiuliza kwa nini yeye naye hakutaka vianguke. Mama alikuwa mtoto wake wa pekee.

Mama alikuja baada ya mavuno, na mtoto mchanga mgongoni. Aliniletea sweta mpya ya shule. Ingenitosha ule mwaka alioniacha.

"Makena," Nyanya alimwambia chai ilipokwisha, "shusha jani yako."

Mama aliangalia juu, akacheka. "Ai, mami! Bado uko na hii vitu? Gari itaniacha." Kisha, bila kunitazama, "Baba ya huyu mtoto bado sijamwambia. Nikimwambia, nakuja kuchukua Kendi."

Nilisimama kizingitini na ile sweta mpaka vumbi la gari likatulia. Baada ya muda msumari ukawa mtupu. Nyanya alikuwa ameliondoa jani la Mama.

Leo ninaishi mtaa wa Majimbo, mjini Embu, na ninafanya kazi ofisini. Mama yuko upande mwingine wa mji huu huu, na tunasalimiana kwa simu. Dirishani nina mikebe ya asiyekufa. Jirani akiomba jani humwambia aliache likauke kwanza, asilimwagilie kila siku, maana litaoza. Nimejifunza pia kwamba mmea huu huishi kwa maji uliyojiwekea, na ungezaa vile vile hata kama Mama angekuwa amekufa. Nilipojua hayo nilitarajia moyo utapoa. Haukupoa.

Nyanya alifariki mwaka jana. Waombolezaji walipokwisha kuondoka, nilikwenda kufunga jiko, nikainua macho kama nilivyofanya utotoni. Palikuwa na jani msumarini.

Lilikuwa langu. Tangu Mama, hapakuwa na mwingine ila mimi aliyesafiri kutoka nyumba ile. Vitoto vilikuwa vimeshonwa kwa uzi wa buluu, vishono vimekwenda upande, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameishiwa nguvu. Nilikuwa nikija kila Krismasi, nikinywa chai na kurudi Embu jioni ile ile, na mara zote hizo nilipita mlango ule bila kutazama juu. Hakuwahi kuniambia nilishushe. Labda kwake huko hakukuwa kufika. Nilikuwa nimedhani kwamba katika ile nyumba anayesubiri ni mimi tu.

Nikapanda juu ya kigoda, nikalishusha. Nikafumua nyuzi polepole, nikachimba kwa kijiko kando ya kizingiti na kuvipanda vitoto vyote. Kisha nikasimama, nikajipangusa magoti.

"Nimefika," nikasema.

Mbuzi wa jirani aliinua kichwa, akaendelea kula. Nilibaki pale mlangoni kwa muda, nikisubiri kuitikiwa.