Ndege ya Vita Juu ya Miraa Yetu

Nimesikia ngurumo nyingi, lakini ile ndege ya vita iliyopita chinichini juu ya shamba letu kule Maua ilitikisa hata meno ambayo kuku hawana. Kaka yangu alikuwa kileleni mwa mti wa miraa, akichuma. Alishtuka, miguu ikateleza, akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umekumbatia miraa.

Masikio yangu yalipozibuka, nilimsikia mama.

“Achilia hiyo miraa, ushike mti.”

“Ikiingia mchanga, mama, nani atainunua?”

Tawi likalia. Mama akafungua leso kiunoni, akaitandaza ardhini chini ya kaka.

“Haya, iangushe hapa.”

Kaka akaiangusha taratibu. Ndipo akashika tawi kwa mikono yote miwili.