Mguu wa Twiga na Mpira wa Baiskeli

Mwanangu wa mwisho tunamwita Twiga. Ni fundi rangi, mrefu wa kupaka dari amepiga magoti. Ngazi huibeba kwa heshima tu. Siku alipoipanda ikamtupa, kano ya goti ikakatika. Akapasuliwa, ikaungwa, lakini paja likanyauka likawa kama mpini wa ufagio.

Nikamsindikiza hospitalini kwa binti wa mazoezi ya viungo. Akamfunga pajani mkanda kama ule wa kupimia presha, akaujaza upepo. Moyo nusura unitokee puani. Mimi nimefuga mbuzi. Beberu ukitaka kumhasi, unamfunga mpira, damu haifiki, na vitu vyake vinadondoka vyenyewe.

"Fungua! Mguu utadondoka!"

"Hapana, bibi. Damu tunaipunguza, hatuikati. Anainua uzito mdogo, msuli unadhani ni gunia. Paja linajaa, goti haliumii. Kiasi kinapimwa na mashine, si mimi. Hebu shika unyayo."

Ulikuwa wa moto. Nikaushika mpaka mkanda ulipofunguliwa.

Siku chache baadaye, mchana, chumbani kwa Twiga kukawa kimya. Mwanangu akifanya mazoezi hulia kama bawaba kavu. Nikasukuma mlango. Amekaa sakafuni, paja limezungushwa mpira wa ndani wa baiskeli, umekazwa kwa fundo la kufungia mzigo.

"Mama, nilitaka lijae upesi nirudi kazini. Fundo limegoma. Vidole sivisikii."

Unyayo ulikuwa rangi ya bilinganya, wa baridi. Nikachukua kisu. Mikono hii iliwahi kumvuta mamba mkia, akaomba radhi. Nikapenyeza ncha chini ya mpira.

"Usitikisike, mjinga wewe! Nikikosea madaktari wataanza upya!"

Mpira ukakatika, paa! Nikaukumbatia unyayo tumboni. Nikafinya kidole gumba. Hakishtuki. Nikafinya tena.

"Sema kitu, mwanangu. Hata nitukane."

Uso wake ukakunjamana.

"Mama... sindano. Sindano nyingi! Uwiii!"

Sijawahi kufurahia kilio cha mtu mzima namna ile. Nikamkimbiza hospitali. Binti akaukagua mguu, akamgombeza Twiga mpaka urefu wote ukamwisha.

"Na huo mpira uko wapi, bibi?"

"Nimemwekea beberu."

Twiga akabana mapaja.

Sasa mkanda ukijazwa, mimi niko sakafuni, nimeushika unyayo. Binti hucheka. Acha acheke. Mimi nahesabu vidole.