Raundi ya Nne ya Mzee Funguo

Mzee Funguo alikuwa na miaka sitini na mmoja, wajukuu watatu na goti moja la kuaminika. Kazi yake ilikuwa kufungua lango la zahanati saa kumi na mbili kamili asubuhi. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, naye aliufunga kwenye kamba ya kiatu ili usidondoke akikimbia. Maana alikimbia, kila siku, raundi tatu za uwanja wa mpira, kisha moja kwa moja kazini.

"Baba watoto, anayekufukuza ni nani?" mkewe alimuuliza kila akimwona ameinama kufunga kamba.

"Uzee," alijibu, na mkewe akacheka mpaka akashika kiuno.

Asubuhi hiyo, raundi ya tatu ikiisha, alipitwa na mwalimu wa kike wa shule ya jirani. Kupitwa si neno, alishazoea. Lakini yule binti alipomfikia alipunguza mwendo, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, babu," halafu huyoo, akachanja mbuga. Babu! Mzee hata marahaba hakuitika. Akajiambia raundi moja tu, ya nne, amwonyeshe. Kwenye kona sauti ya mwanamke ilisikika kutoka ukingoni, akajua anashangiliwa, akaongeza mwendo. Mwalimu hakumpata. Alichopata ni kichomi, na kuchelewa dakika ishirini.

Langoni watu zaidi ya kumi walikuwa wamesimama kwenye manyunyu. Mbele kabisa, mama mmoja kijana alikuwa amembeba mtoto anayehema kwa shida, kamfunika kwa sweta lake mwenyewe. Muuguzi wa zamu, naye kafungiwa nje, alikuwa amefura. Mzee akapiga magoti kwenye tope kufungua fundo la kiatu. Fundo lilikuwa limelowa, likagoma. Wote wakamtazama akihangaika na kamba, mtu mzima ovyo, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Unatoka wapi saa hizi, mzee?" muuguzi alifoka.

Kabla hajapata uongo wa kusema, mama mwenye mtoto akadakia. "Mwache, dada. Nimemwona pale uwanjani anakimbia kuja. Kwa umri ule, angefanya nini zaidi?"

Watu wakalegea. Mmoja akasema, "Pole, mzee wetu." Naye akaipokea ile pole, akasema asante, na aibu ikamwenea mwili mzima.

Hakubadili fulana. Alisimama langoni na tope lake magotini mpaka saa tatu, mama yule alipotoka, mtoto amelala mgongoni, anapumua vizuri.

"Mwanangu," mzee alisema, macho chini, "sikuwa nakuja kufungua. Nilikuwa nakimbia kwa ajili yangu."

"Najua, baba. Mimi ndiye niliyekufuata mpaka uwanjani. Nilikuita mara mbili, ukaongeza mwendo."

Mzee akakosa pa kuweka mikono.

"Sasa kwa nini ulinitetea?"

"Mtu mzima haumbuliwi mbele za watu," alisema, bila ukali wowote. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akainamisha kichwa kwa heshima. "Shikamoo, baba."

Mzee Funguo akafungua mdomo aitike. Marahaba haikutoka.