Bilha Alivyojiangusha Mbele ya Kanisa

Kisa hiki hamtakiamini, na anko wenu anayewaandikia hawalaumu. Hata mkewe, mwanamke anayeamini kila utabiri wa hali ya hewa, amekikataa. Lakini mashahidi wapo, tena wacha Mungu.

Bilha ni yule wa mji wa Sterling, mrefu, anayecheka kabla ya utani kuisha. Kazi yake ni kutunza wazee kwenye makao yao: kuwaosha, kuwanyanyua, kuwasimamisha tena. Hata kuanguka anawafundisha. "Mama Cheryl, ukiona unaenda, usinyooshe mikono. Kaa chini, ikunje kifuani, ulale ubavu." Yeye mwenyewe mikono ndiyo ofisi yake. Kifundo cha mkono kikivunjika, nyumbani kuna watoto wawili na hakuna mwingine wa kuwalisha.

Basi Februari kanisa letu la wahamiaji likaenda kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni, kwenye kilima kimoja huko Pennsylvania. Watu waliozaliwa kwenye baridi ya Kinangop, waliolalamikia baridi maisha yao yote, wakapanda basi kuifuata! Anko wenu alikuwemo, kusimamia mambo.

Asubuhi walifunzwa na binti mmoja, Abigail. Aliye chini yako, alisema, hana macho kisogoni. Kumkwepa ni kazi yako wewe unayetoka juu. Na ukitaka kusimama, simama pembeni, mahali unapoonekana. Wote wakaitikia, "Amina." Kuitikia tunajua.

Alasiri Bilha akashuka peke yake mara ya mwisho, kwenye mteremko wa wanagenzi. Alidhani amezoea. Skii zikashika kasi. Akazibana ncha kama alivyofunzwa, zikakataa. Akavuka tuta.

Chini tu ya lile tuta, katikati kabisa ya njia, kanisa limeunda duara. Mikono imeshikana, macho yamefumbwa. Mzee Ndirangu anamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia! Na shukrani za Ndirangu huanzia uumbaji wa dunia.

"Tokeni!" Bilha akapiga kelele.

"Amina!" mtu akaitikia.

Mbele yake mgongo wa Domina, dada mmoja wa kanisa, unakuja, jaketi la njano, unazidi kuwa mkubwa. Wa juu ni mimi, Bilha akawaza. Mikono ikataka kunyooka yenyewe kujikinga, akaikatalia. Akakaa chini, akaikunja kifuani, akalala ubavu. Akateleza hivyo hivyo mpaka miguuni pa Domina, na theluji ikamjaa Ndirangu mdomoni katikati ya "Ee Baba".

"Bilha! Umeumia?" Domina akauliza.

Bilha akakunja vidole, kimoja kimoja. Vyote vikamtii. "Mimi mzima. Nyinyi ndio mtakufa. Pembeni, sasa hivi!"

"Mama, nimebakisha kidogo tu," Ndirangu akasema, akitema theluji.

"Mzee, Mungu anasikia hata pembeni! Anayetoka juu hawaoni hapa. Mimi mwenyewe sikuwaona."

Wakajikokota pembeni kama bata, wakinung'unika. Wa mwisho hajatulia, kijana mmoja juu ya ubao wa kutelezea akaruka lile tuta, akatua palepale duara lilipokuwa, akapita kama risasi.

Domina akaushika mkono wa Bilha, hakuuachia. Ndirangu akavua kofia ngumu.

"Baba, asante kwa Bilha. Amina."

Sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba. Wengine walishukuru kwa hilo pia.

Jumatatu Bilha alimnyanyua Mama Cheryl kitandani kama kawaida, kwa mikono yake ile ile, akakawia kidogo kumwachia.

"Mbona unatabasamu peke yako?" bibi akamuuliza.

"Nilianguka vizuri, Mama."

Na anko wenu? Alikuwa nyuma yake kileleni, bila shaka. Alipomwona yule kijana, alishuka kwa mguu mmoja, akaruka tuta, akamdaka hewani, akam—

"Anko!" Bilha huyu hapa, anasoma juu ya bega la anko wenu anayeandika. "Si wewe ulikuwa mgahawani, unakunywa chai, umenishikia mkoba?"