Namba ya Muzee Lubunga

Mi siko muntu wa kutunga mambo. Hii ilinifikia saa sita ya mchana, hapa Baraka, jua kali. Usipoamini, basi, mi nilishachoka kubembeleza bantu.

Nilikuwa natumika kwa deposi ya dawa ya hospitali moja, kwa ordinateri, kompyuta ya zamani, ekrani nyeusi na maandishi ya kijani. Programu yake aliandika Muzee Lubunga. Alinifundisha kazi kama mutoto wake, kisha akarudia kwao Lulimba. Mule ndani kila kitu kinaongozwa na namba, moja mpaka tisini na tisa. Ni sawa swichi: namba ikiwaka, mustari fulani unaonekana, ikizimika, unafichama. Ukipatia namba moja kazi mbili, umeharibu. Na muzee hakuacha hata karatasi! Njo nilifungua kaye, daftari yangu, nikawa nafuata ekrani moja moja, naandika: hii iko na kazi, hii iko bure.

Nilitaka namba moja tu, ya kuwasha onyo kwa dawa yenye siku zake ziliisha: DAWA IMEPITWA. Mudogo yangu Neema alikuwa karibu kuzaa pale pale. Nilikuwa na haraka.

Nikainua macho, muzee huyu hapa mulangoni, shati nyeupe, kalamu mufukoni. Nilifurahi, jamani! Nikamupa kiti, nikamueleza namba ninayotafuta. Akapitisha kidole kwa kaye yangu.

"Makumi ine na saba iko bure. Tia pale, mutoto yangu."

Akaandika mwenyewe: bure. Zilibakia ekrani tatu za kuangalia, nikaziacha. We ungemuchunguza muntu mwenye alikufundisha? Nikageuka kumutafutia maji. Kurudi, alishaenda, na kaye yangu. Nikatia namba yake, nikajaribisha onyo kwa vidonge, likawaka. Nikaridhika.

Neema akazaa siku ya ine. Damu ikakataa kukatika. Sindano ya kukatisha damu waliyomudunga ilikuwa imepitwa, na ekrani haikusema kitu. Nikafungua programu: ekrani ya sindano, moja ya zile tatu, inazima makumi ine na saba kila ukiifungua. Na ni muzee mwenyewe aliiandika!

Nikapanda moto, pikipiki, mpaka Lulimba, nimutukane usoni. Muke yake alikuwa amekaa chini, kitambaa cheusi kichwani.

"Mutoto yangu, tulimuzika, sasa miezi mbili. Njia ilikuwa imefungwa, hatukupata wa kutuma."

Nikamueleza yote. Akafungua kofuli ya sanduku ya marehemu: kaye yangu, juu ya nguo zake.

"Alikuwa anasema, ile programu muntu asiiguse," akasema, akilia.

Mi sikulia. Nilikasirika. Mufu, unamushitaki wapi?

Kazi nilifukuzwa: mukono ulioitia namba ni wangu. Mutoto yuko muzima, Neema naye, lakini kizazi kilitolewa.

Sikia sasa. Siku ile muzee hakuniuliza habari ya nyumbani. Alimujua Neema tangu utoto, na hakuuliza habari yake! Alisema namba tu. Muntu akikuyia hivyo, hata kama njo alikulea, usimupe kaye. Na kazi iliyobakia, imalize mwenyewe.

Neema hanitukani, mi mukubwa wake. Ananiangalia tu, anauliza: "Ekrani tatu tu, yaya?"