Walivyomtoa Kijiweni

Swali la kwanza ninaloulizwa kila ninapoanza darasa jipya halihusu vijana, wala Biblia, wala hata chakula cha mchana. Linahusu joho. Mwalimu, siku ya mahafali tutavaa joho la rangi gani? Jamani, hata majina yenu sijayashika, mnanidai joho. Nimefundisha viongozi wa vijana miaka mingi sasa, wale wanaotumwa na makanisa madogo ya mabati huku pembezoni mwa mji, Wazo, Kunduchi, wengine wanavuka jiji zima kutoka Mbagala, na sijawahi kupata darasa ambalo joho halikutajwa siku ya kwanza. Siku hizi najibu kwamba joho letu ni la rangi ya vumbi. Wanacheka, wanadhani natania.

Sitanii. Tunasoma Jumamosi tu, katika darasa tuliloazimwa na shule moja ya msingi kule Tegeta, na ninachofundisha ni kitu kimoja ambacho nakizungusha huku na huku mpaka kiwaingie: kaa pale vijana walipo. Usiwaite kanisani waje kukutazama umeshika maiki. Nenda kwenye meza za puli, nenda saluni, nenda kwenye kile kiwanja cha vumbi wanapocheza mpira, kaa, sikiliza, kesho rudi tena. Wanaandika yote. Mtihani wanafaulu. Halafu wanarudi makanisani kwao, wanaitwa mbele, wanapewa kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, soda inafunguliwa, na kuanzia siku hiyo jina linakuwa mtumishi. Mtumishi apishwe. Mtumishi abebewe begi. Mtumishi atangulie kula. Ati huyo ndiye anayetumika. Mtu anayetumika tangu lini akatangulia kwenye sahani? Na hao watumishi wanatoka mikononi mwangu, mimi ndiye ninayewatengeneza. Inaniudhi, na nikianza kulieleza hili huwa sinyamazi haraka.

Lakini aliyeniudhi kuliko wote ni kijana mmoja wa bodaboda, kwa sababu yeye hakuuliza habari ya joho.

Alikuja siku ya kwanza amechelewa, kizibao cha reflekta bado kiko mwilini, helmeti akaibwaga juu ya dawati, na kabla sijamaliza sala alikuwa amelala. Nikamgongea dawati. Nikamuuliza kama amekuja kusoma au kukoroma. Akasema samahani mwalimu, alikuwa na abiria mpaka alfajiri. Nikamweka kwenye fungu la wavivu. Wiki chache baadaye nikataka kila mmoja anieleze ni wapi anakaa na vijana wake. Wenzake wakataja kwaya, mkesha, timu ya kusifu. Yeye akasema ni kijiweni kwao, kila Jumanne, abiria wakipungua. Nikamwambia nitakuja kuona, kwa sauti ile ya mtu ambaye haamini.

Nikaenda. Kijiwe chao kiko Wazo, pale malori ya simenti yanapokata kona, ukikaa kidogo kope zinakuwa za kijivu. Paa ni bango kuukuu la matangazo, chini yake benchi mbili na pikipiki zimepangwa kwa zamu. Ilikuwa ile saa ya asubuhi ambayo watu wa maofisini wameshakwenda na wa sokoni hawajarudi. Kijana wangu hakusimama mbele ya mtu. Alikaa upande juu ya pikipiki yake kama wenzake, akatoa simu, akasoma mistari michache ya Biblia, akauliza swali moja, kisha akanyamaza. Hicho ndicho kitu ambacho kila mwaka nahangaika kukifundisha. Kunyamaza. Watu wangu wote wanajua kusema, na wakianza hawana breki.

Siku ile mmoja wao, mdogo kuliko wote, alikuwa amebeti hesabu ya bosi, yaani ile pesa anayopeleka kila jioni kwa mwenye pikipiki, na mkeka wake wa mechi ulikuwa umechanika. Alikuwa anataka kuzima simu apotee. Wakamcheka, wakamtukana, wakabishana kama wale watu wa kahawa. Kijana wangu hakumtolea mahubiri. Alimuuliza tu, ukipotea leo, kesho utalala wapi? Kisha akamwambia wataenda wote watatu kwa bosi, yeye na mwenyekiti wa kijiwe na huyo dogo, wakaombe muda. Wakawasha pikipiki wakaenda, wakaniacha mimi pale na malori. Walivyorudi dogo alikuwa bado ana funguo za pikipiki mfukoni.

Mwenyekiti wao ni Muislamu, mtu wa Kunduchi kwa asili, ukoo wake ulikuwepo huko kabla ya hoteli za ufukweni. Nusu ya kijiwe ni kama yeye. Nilimuuliza kwa upole inakuwaje anakaa kwenye mambo ya kanisa. Akasema hakai kwenye mambo ya kanisa, anakaa na mshikaji wake. Nikarudi nyumbani naimba. Darasa zima nikalipeleka kule kwa zamu, nikawaambia mmeona? Hivi ndivyo. Sina la kuongeza.

Mahafali yakafika. Joho likavaliwa, maana kwenye hilo nilishashindwa siku nyingi. Kanisa lake likaja na kitenge cha sare, keki, mataji ya maua, kila kitu. Wiki ile ile mchungaji wao kiongozi akanipigia kuniambia Jumapili wanamsimika kijana kuwa Mchungaji wa Vijana, na mimi ndiye mgeni rasmi. Nilifurahi. Nikafua gauni langu zuri.

Kanisani nikamkuta ndani ya suti iliyompwaya mabegani. Akawekewa mikono, akaombewa, akapewa kiti kule mbele. Halafu mchungaji akashika maiki akatangaza kwamba kuanzia siku ile mtumishi wetu hatapanda tena bodaboda, maana mtu wa Mungu hawezi kuonekana kijiweni na wahuni. Pikipiki ameshairudisha kwa mwenyewe. Kanisa lilitikisika kwa vigelegele. Mama yake, mwanamke mwembamba aliyekuwa amekaa safu ya mbele, akavua kanga yake akaitandika chini ili mwanawe apite juu yake. Mimi kwenye kiti cha mgeni rasmi nilikuwa nimeshika soda, nikaisahau mkononi mpaka ikaisha gesi. Ile pikipiki ilikuwa ya mkataba. Ilibaki miezi michache iwe mali yake.

Katikati ya wiki nikamfuata mchungaji. Sitaki mtu amdhanie vibaya, ni mzee aliyefyatua tofali za lile kanisa kwa mikono yake, na nyumba yake haina dari mpaka leo. Nikamwamkia, akaitikia, akaniagizia chai. Nikamweleza kwa adabu, halafu adabu ikaisha nikamweleza bila adabu. Nikamwambia nilimfundisha yule kijana abaki kijiweni, sikumfundisha atoke. Nikamwambia kanisani kwake vijana wanaokuja ni wale wale wa kwaya, na wale wasiokuja walikuwa na mtu mmoja tu, na huyo ndiye amemfungia ndani ya suti. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Mwalimu," akasema, "mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumemtunza. Kosa letu liko wapi?"

Kisha akaniuliza mwanangu mimi yuko kijiwe gani. Nikasema yuko chuo. Akanisogezea bakuli la sukari. Niliondoka pale kichwa kinawaka, nikamtukana kimoyomoyo njia nzima, ingawa nilijua matusi hayajibu swali lake.

Jumanne iliyofuata nikapita kijiweni. Pikipiki zilikuwepo, benchi zilikuwepo, watu walikuwepo, kila mmoja kainamia simu yake. Wakanisalimia vizuri, shikamoo mwalimu, wakanipangusia mahali pa kukaa. Nikauliza habari za dogo wa mkeka. Wakatazamana. Amebeti tena hesabu, safari hii hakukuwa na mtu wa kwenda naye kwa bosi, pikipiki imechukuliwa, na yeye hajaonekana. Simu haipatikani. Nikamuuliza mwenyekiti kwa nini asiende yeye na dogo, si walikwenda wote mara ile.

"Mie najua kuendesha na kugombana," akasema. "Yule ndiye alikuwaga anajua kuongea na watu wazima. Mwalimu, nyie mmetuchukulia mtu wetu. Sie wengine si wa kanisani kwenu, hilo unalijua. Lakini tulikuwa tunakaa."

Alisema bila hasira, ndiyo maana iliniuma. Nikawaambia Jumanne ijayo namrudisha, hata kama ni kwa miguu. Sijui nani alinituma kuahidi. Ulimi uliponza kichwa, wanasema, na wa kwangu haujawahi kujifunza. Wale vijana wakafurahi. Mwenyekiti akasema basi watamtafuta na dogo, wamlete siku hiyo.

Jumapili nikamngoja kijana mpaka ibada ilipoisha. Akanipeleka kwenye kichumba nyuma ya madhabahu, wamemwekea meza na kiti na picha ya maporomoko ya maji. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya tai. Nikamwambia habari za dogo. Akafumba macho, na niliona imemwingia. Nikamwambia basi Jumanne twende. Suti ivue au ivae, mimi sijali, panda juu ya pikipiki ya mtu yeyote, soma, uliza swali lako moja, nyamaza. Akasema wazee wa kanisa wamemkataza. Ila milango iko wazi, akasema, wale jamaa wanakaribishwa kanisani wakati wowote. Hapo nikapandisha sauti. Nikamwambia nusu yao wanaswali Ijumaa, watakuja kufanya nini humu? Na wewe unajua, kuliko mimi unajua. Akasema anawaombea. Nikamwambia kuomba hata mimi nitaomba, yeye nilimfundisha kwenda.

Akalegeza tai, akakaa upande juu ya meza kama alivyokuwa akikaa kule juu ya pikipiki. Nilidhani nimempata.

"Mwalimu, wewe ukija kijiweni wanakupangusia benchi," akasema. "Unakaa, unafurahi, unarudi kwako. Mie pale nilikuwa nafukuzwa. Mgambo ananifukuza, trafiki ananifukuza, abiria hanijui jina, ananiita wewe boda. Ulikuwa unatuambia tukae pale vijana walipo. Mie nilikuwa sikai pale, mwalimu. Nilikuwa nimekwama pale."

Nikasema lakini wale walikuwa wanakusikiliza.

"Mama yangu anafua nguo za watu Msasani. Miaka yote humu ndani alikuwa anakaa nyuma, pale mlangoni. Leo anakaa mbele. Kuna watu walikuwa hawaitikii salamu yake, sasa wanamwamkia. Nimwambieje arudi nyuma?"

Jibu nilikuwa nalo. Jibu la swali hilo nimelifundisha Jumamosi ngapi, lina mistari yake na mifano yake, ningeweza kulitoa usingizini. Nilifungua mdomo nikasikia jinsi litakavyosikika likitoka kwangu, kwa mtu ambaye mwanawe yuko chuo, nikaufunga. Sikukubaliana naye. Mpaka leo sikubaliani naye. Namkasirikia mchungaji, naikasirikia ile suti, nakasirikia kila kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe katika mji huu. Yeye ndiye niliyeshindwa kumkasirikia, na hiyo nayo ikaniudhi.

Mlango ukagongwa, mama yake akaingia na sahani ya maandazi juu yake kitambaa. Tukiwa rika moja kabisa, pengine yeye ananizidi, akainama akaniamkia shikamoo. Nikamwambia usiniamkie mama, sisi wote wazee. Akacheka, akaweka sahani mezani, akanishika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka kwa sabuni.

"Mwalimu, nimekuwa nakutafuta nikushukuru," akasema. "Umenitolea mwanangu barabarani. Kila usiku nilikuwa silali, nikisikia pikipiki imeanguka nasema ni yeye. Sasa nalala."

Nikasema tumshukuru Mungu.

"Na wale wenzake aliowaacha pale," akasema, bado amenishika, "nao wana mama zao. Uwatoe na wao."

Mwanawe alikuwa anatazama ukutani. Keshokutwa yake ilikuwa Jumanne, na kule kwenye kona ya malori walikuwa wanamtafuta dogo wamlete, kwa sababu nilisema.

"Amina, mama," nikasema.